Sura Waliyosahau Kuifunika

Sogeeni karibu, habari hii haipendi kusemwa kwa sauti kubwa.

Ilianza na harufu. Mwaka ule wa baada ya vita vya Maji Maji, Kivinje nzima ilikuwa na njaa, watu wanatafuna machicha ya juzi. Sada naye yuko zake ndani, siku ya kumi na saba ya eda, mara anasikia harufu ya tui linachemka. Tui zito, lile la harusi. Akachungulia uani. Jiko la baridi, paka kalala katikati ya mafiga.

"Somo," akaita, "nani kapika?"

Kidawa, somo yake aliyemfunda tangu alipovunja ungo, alikuwa mlangoni anamenya ming'oko, vile viazi vya porini. "Apike nani, mwari wangu? Nazi ya mwisho mtaa huu niliiona mimi, na niliiona kwa mbali."

Sada akarudi mkekani. Harufu nayo ikapotea.

Mumewe, Fakihi, alikuwa akienda Umatumbi kununua sandarusi, ule utomvu wa miti. Vita vikamkuta huko huko. Mtu wa vita hakuwa, lakini askari wa Wadachi hawakuuliza nani kanywa maji ya dawa na nani hakunywa. Kilichorudi ni kilemba chake, mwenzake Bakary kakileta kimekunjwa kwapani, na shehe akasema mke akae eda. Sada akakaa. Ila lile neno, kwamba mume wangu amekufa, mdomoni mwake halikutoka hata siku moja. Watu wakija kumpa pole anasema, "Tumeshapoa," basi, anageukia ukuta.

Na eda ina mambo yake. Mjane hatoki, haoni mwanamume asiye wake, hatii wanja, hajitazami. Wazee walisema sura ya mjane iko wazi, apitaye anaweza kuivaa. Kwa hiyo Kidawa kioo alikigeuza, sinia ya shaba akaivika gunia, mtungi akaupa kifuniko ili Sada asije akainama akajiona majini. Nyumba ikazibwa kila mahali. Kasoro pale juu ya kitanda, palipotundikwa picha.

Picha yenyewe kaipiga Mdachi mmoja mpita njia, miaka minne nyuma, fungate la Sada na Fakihi limekwisha juzi tu. Alisimamisha sanduku lake la miguu mitatu, akajigubika kitambaa cheusi, wao wanamcheka. Sada kwenye kiti, Fakihi kasimama ubavuni. Akawaachia karatasi moja. Sasa karatasi nani angeidhania kioo? Kidawa alifundishwa na somo yake, na somo yake na wake, na wote hao picha hawakuikuta duniani.

Basi, adhuhuri moja, jua la utosi, Kidawa kaenda msituni kuchimba ming'oko. Kijakazi, mtoto wa Sada wa mwaka na nusu, kalala. Sada akainua macho.

Akamwona msichana amekaa. Mashavu yamejaa, shingo ina mikunjo mitatu kama kaichora fundi, macho yanacheka kabla ya mdomo. Sada akajishika mtulinga, mkono ukakutana na mfupa. Akajishika shavu, hakuna shavu. "Yule ni mimi?" Miaka minne tu. Akajililia kama mtu anavyomlilia maiti wake, na kilio kilimpa nafuu, ndipo balaa lilipoanza, maana kesho yake akatazama tena.

Siku ya tatu harufu ya tui ilimtangulia. Akatazama, akaona jambo. Fakihi, siku ile wanapigwa picha, alilikodolea macho sanduku la Mdachi, anaogopa lisije likalipuka. Sasa halitazami sanduku. Kageuza uso.

Moyo wa Sada ukaruka. Ananitazama mimi, akasema, amekuja. Akapanda kitandani kwa magoti, akasogeza uso mpaka karibu. Hapana. Alikuwa anamtazama yule wa kwenye kiti. Anamtazama vile alivyokuwa akimtazama Sada.

Wivu ukamshika, wanangu. Mke mwenza mbaya kuliko wote ni yule uliyekuwa wewe.

Mambo yakahamia kwa mtoto. Kijakazi alikuwa halali kwa njaa, maziwa ya mamaye yamekauka. Mara kalia kidogo, kanyamaza. Kafika ukutani, kainua kidole. "Mama," akasema. Sada akamwita, "Mama huyu hapa." Mtoto akamgeukia, akamtazama yule mwanamke mkavu wa kwenye mkeka, akaangua kilio, mikono kainyosha kwa picha.

Kesho yake Sada alisinzia. Alipoamka mtoto kakaa juu ya kitanda, katulia, midomo myeupe kwa maziwa. Anajilamba. Chumba chote kinanuka tui.

Nitawaambia ukweli: Sada hakupiga kelele. Alikaa akawaza, kama ameshiba, si ameshiba? Siku nne alinyamaza hivyo. Mtoto akanenepa. Majirani wanazika watoto, wake ana mikunjo ya mapaja. Lakini miguu yake ikawa ya baridi kama jiwe la kisimani, halii, hacheki, na rangi yake ikaanza kupauka, si weupe, ni ule ujivu wa karatasi. Siku ya tano Sada akaitazama picha akauona mkono mdogo, vidole vitano, umetokeza juu ya paja la msichana wa kwenye kiti.

Kidawa aliporudi alimkuta kampakata mtoto, kaipa picha mgongo.

"Somo, hukuifunika ile," Sada akanong'ona, hata kidole hakunyosha.

Kidawa akatazama. Ming'oko ikamtoka mikononi. "Mimi ndiye niliyekuua," akasema polepole. "Kioo niligeuza. Mlango nikauacha."

Alimleta Mzee Likwata, mganga Mmwera aliyekuwa akikaa nje ya mji. Alikuja na jembe begani kama mtu wa shamba. Siku zile ukionekana na kibuyu cha dawa boma la Wadachi linakuning'iniza. Na kwa kuwa Sada yuko edani, mzee hakuingia. Alikaa nje ya ukuta wa udongo, wakasemezana kwenye ufa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sema taratibu, kuna askari kule njiani."

Sada akasimulia yote. Mzee akalaza jembe chini, akasogeza mdomo kwenye ufa.

"Jini huyu hana sura," akasema. "Kavaa ile uliyoivua wewe. Ndiyo maana mtoto anamwita mama, hakosei. Ukiichoma karatasi sasa unamchoma na mwanao, keshafika mapajani."

"Nifanye nini?"

"Yule wa kwenye kiti hajui kitu. Ana mume, kashiba, vita havijaja. Jini anakaa pale kwa raha, na raha ile ndiyo nyumba yake. Mwambie habari."

"Habari gani, babu?"

"Ile usiyotaka kuisema. Mfanye naye mjane. Mvishe eda, umwambie kwa mdomo wako. Lakini ujue, akishakuwa mjane, mume hatabaki kwenye kiti wala kwako. Utakachokiona mwisho ni cha mwisho."

"Sina sura yake nyingine."

"Najua," mzee akasema. "Nami nina wanangu wawili kule Umatumbi. Sina hata karatasi."

Adhuhuri ya siku ya pili Kidawa alifunga mlango, akakaa kizingitini, akaanza kusoma Ayatul Kursiyu midomo ikimkauka. Sada akavua shuka jeupe la eda, akabaki na kaniki, akamweka Kijakazi miguuni pake, akapiga magoti mbele ya ukuta. Mtoto alikuwa mzito na wa baridi, macho wazi, hapepesi. Na harufu ya tui ikaja kwa nguvu, ikaja na ya asumini, ikaja na ya jasho la Fakihi anapotoka safari, na ndani ya karatasi kiti kikalia ule mlio wa kiti anapojigeuza mtu mnene, na sauti ikatoka, laini, changa, sauti ya Sada mwenyewe ya miaka ile ikimwambia njoo, mwenzangu, umechoka, nipe mkeka nikupe kiti, huku kuna wali, huku mumeo kaja, mtoto keshapanda, umebaki wewe tu na mifupa yako, na Fakihi akainua uso kwa mara ya kwanza akamtazama Sada, huyu mkavu, akamtazama hasa, na Sada akataka kwenda, wallahi akataka, goti moja lilikuwa limeshapanda kitandani.

Akalirudisha.

"Sada, wewe binti," akamwambia yule msichana, "pole. Mumeo amekufa."

Ndani ya karatasi kicheko kikakatika.

"Amekufa Umatumbi, mwezi wa mvua. Hakuoshwa. Nimeletewa kilemba. Kaa eda, mwenzangu." Akaifunika picha kwa shuka lake, akalishikilia kwa mikono miwili kama unavyomfunika shoga yako aliyefiwa, na chini ya shuka kitu kikatikisika, kikalia. Kililia kama yeye alivyopaswa kulia siku Bakary alipoleta kilemba. Wakalia wote wawili, huyu nje, yule ndani, mpaka akabaki mmoja.

Halafu wa tatu akaanza. Kijakazi. Analia njaa, sauti inakwaruza, miguu ya moto, kamkumbatia mamaye magotini na kutafuta titi lisilo kitu.

"Mnyamazishe," Kidawa akasema kwa hofu, "watu watajaa."

"Mwache, somo. Anadai kwangu."

Walipofunua, karatasi ilikuwa nyeupe. Kiti hamna, mtu hamna.

Mtoto alipona. Kidawa aliwalisha kwa ming'oko mpaka mahindi ya kwanza yakatoka, na mkono wake wa kuchimbia haukunyooka tena mpaka anakufa.

Kijakazi akakua, akaolewa, akazaa. Siku aliyojifungua mtoto wa kiume alimuuliza mamaye, "Mama, kafanana na baba?"

Sada akampakata mtoto. Alikumbuka kikohozi cha Fakihi. Alikumbuka mikono yake inanata sandarusi, na namna alivyokuwa akivua makubadhi mlangoni, la kushoto kwanza. Akatafuta uso. Akatafuta sana, haukuja, mtoto kalala, jua limehama kutoka mlangoni.

"Kafanana naye," akasema.

Kijakazi akafurahi. Sada akainama akaanza kuutazama uso wa yule mtoto, taratibu, kitu kimoja kimoja, ajifunze.