Nywele Nilizomtolea Baba

Wenzangu tuliolelewa kwenye nyumba za shamba la mpira hapa jimboni Selangor, niazimeni masikio. Hata wewe ambaye babako hanywi, kaa usikilize.

Jumapili asubuhi ilikuwa ya nywele zangu. Mama alinikalisha barazani, akanipaka mafuta ya nazi, akanisuka msuko mmoja hadi kiunoni, akachomeka asumini. Baba akipita aliuvuta. "Thenmozhi, kamba hii tutafungia ng'ombe!" Tukacheka sote. Jioni yake alirudi kutoka kwa muuza gongo, akavunja vyombo, na Jumatatu mama akaenda kugema mpira jicho limevimba.

Nilipofika miaka kumi na miwili, mama aliweka nadhiri kwa Mariamman, mungu wetu wa kike: mume wake akiacha pombe, nitatoa nywele zangu. Baba akaniwekea mkono utosini. "Naapa kwa kichwa cha mwanangu, sinywi tena."

Miezi miwili hakikuvunjika hata kikombe. Siku ya sherehe ya kutimiza nadhiri, nikakaa hekaluni mbele ya kinyozi nikitabasamu, msuko wangu ukaanguka mapajani. Baba mwenyewe alinipaka msandali kichwani, mikono ikimtetemeka, huku akitafuna iliki. Nikadhani ni uchungu wa mzazi. Mjinga mimi!

Shuleni wakaniita Nazi. "Nazi hiyo inapita! Nani ana mbuzi tuikune?" Wala sikulia. Nilijiambia, wacheke tu, mimi nimempata baba.

Siku ya tisa baada ya kunyolewa nilikuwa nachota mchele guniani, kikombe kikagonga kioo. Nikafukua. Chupa ya gongo, imebaki nusu. Nikampelekea mama, aliyekuwa akipepeta dengu.

"Mama, ona!"

Hakushtuka. "Irudishe ulipoitoa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Akaendelea kupepeta. "Wiki moja kabla ya sherehe."

"Na ukaniacha ninyolewe?"

"Ningewaambia nini watu, Thenmozhi? Shangazi zako walishaalikwa, chakula kilishanunuliwa. Nywele zitaota, mwanangu."

Jamani, kipigo cha baba nilikijua. Hiki cha mama sikukitarajia, na ndicho kilichoniuma. Nikairudisha chupa mcheleni, nikajifunga kitambaa kichwani, na tangu siku hiyo sikumkalia tena mama anisuke.

Mwaka uliofuata baba akaja tena, macho mekundu. "Safari hii kweli, binti yangu." Akanyoosha mkono kunishika utosi.

Nikarudi nyuma. "Apia chako, baba."

Ilimchukua miaka tisa kukiapia. Akaenda hekaluni peke yake, akanyoa nywele zake mwenyewe, na kweli aliacha. Leo ni mzee, hagusi hata tone. Lakini kila nikienda kumsalimu, kabla sijainama kumgusa miguu, anafungua kinywa ili ninuse kama kuna pombe, au iliki ya kuificha. Simwambii afungue. Nami, Mungu anisamehe, nanusa.

FUNZO

Mlevi, acha pombe kwa kichwa chako. Cha mtoto si rehani. Na wewe unayeijua chupa ilipo ukanyamaza kwa kuwaonea haya wageni, jua kwamba wageni watakula, watanawa, wataenda zao. Mtoto atabaki nawe nyumbani, na hatakuamini tena. Baba nilishamsamehe. Mama amekufa, na bado najaribu.