Tulikula Ng'ombe wa Kampuni

Mimi ni Ursula. Kazi yangu ni kukausha dagaa. Naishi ufukweni, chini ya kijiji cha Nyegina, pamoja na mume wangu Apolinary na binti yetu Nyangi.

Mitumbwi ya dagaa hufika asubuhi na mapema. Mimi na wenzangu tunanunua kwa ndoo. Tunawaosha dagaa kwa maji ya ziwa, tunawatandaza juu ya chanja, kisha tunawageuza jua likipanda. Mvua ikinyesha, hasara. Ndege wakishuka, hasara. Hiyo ndiyo kazi, na sijawahi kuilalamikia. Imemsomesha Nyangi mpaka sekondari.

Ninacholalamikia mimi ni kiwanda.

Kiwanda kipo karibu kabisa na chanja zangu. Kinachemsha vichwa na mifupa ya sangara, kinakamua mafuta, halafu kinasaga yanayobaki kuwa chakula cha kuku. Wenye kiwanda wana jina refu ambalo hakuna anayeweza kulitamka. Tunawaita Kampuni. Walipokuja miaka mitatu iliyopita tulifurahi, maana vijana wetu walipata kazi. Halafu ukachimbwa mfereji. Maji yaliyochemshiwa mifupa yakaanza kutiririka humo hadi ziwani. Ni mazito, yana mafuta, na rangi yake ni kama uji wa ulezi. Yanaingia palepale tunapooshea dagaa.

Jumatatu moja alikuja Bi Hafidha. Huyu ni mfanyabiashara wa Kamunyonge, Musoma mjini. Ndiye hununua dagaa wetu na kwenda kuwauza Bunda. Alifungua gunia langu, akainama, akanusa. Kisha akalifunga tena.

"Ursula, mzigo huu sichukui."

"Kwa nini, dada? Si wamekauka vizuri?"

"Wamekauka. Hebu nusa mwenyewe."

Nikanusa. Dagaa wangu walinuka mafuta yaliyochacha.

"Magunia ya wiki iliyopita wateja wa Bunda wamenirudishia yote," Bi Hafidha alisema. "Mama mmoja aliwapikia watoto wake, wakakataa kula. Mimi siwezi kuuza kitu nisichoweza kula. Mkiendelea kuosha kwa maji haya, mimi huku siji tena."

Alipanda gari, akaondoka. Nilibaki nimesimama na magunia yangu. Bi Hafidha asipokuja, chanja zangu ni kuni. Na Nyangi alikuwa bado na miaka miwili shuleni.

Jioni nilimwambia mume wangu. Apolinary ni katibu wa kamati ya mwalo, yaani kamati inayosimamia pale mitumbwi inapotia nanga.

"Baba Nyangi, kamati iende ikawaambie Kampuni waache kumwaga uchafu."

Alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akatafuna taratibu.

"Haiwezekani," alisema.

"Kwa nini?"

"Si tulikula ng'ombe yao?"

Niliweka mwiko chini. Ngoja niwaeleze habari ya huyo ng'ombe, maana kila nikimkumbuka damu inanichemka.

Miaka miwili iliyopita wazee walikwenda kiwandani kulalamika. Haikupita wiki, Kampuni wakaleta dume kubwa jekundu. Wazee wakamchinja, wakala. Sasa, huku kwetu watu wakikosana, mkosaji akatoa mnyama na wote wakala pamoja, ugomvi umekwisha. Anayeufufua anaonekana mtu mbaya. Basi kwa miaka miwili maji yalizidi kuwa machafu, na wanaume wetu walizidi kufunga midomo. Wakikutana na gari la Kampuni wanapunga mkono.

"Baba Nyangi," nilisema, "ng'ombe mlikula siku moja. Uchafu tunakula miaka miwili."

"Mama Nyangi, usiniletee laana hapa. Tulishakulaga. Mambo yamekwisha."

Nimeishi na mwanaume huyu miaka kumi na tisa. Ni mtu mwema. Lakini siku hiyo nilitamani kummwagia mchuzi.

Kesho yake nilikwenda kiwandani peke yangu. Mlinzi wa getini aliniambia meneja yuko kikaoni. Nikakaa juani mpaka saa saba. Mwishowe alitoka dada mmoja kijana, amevaa fulana ya Kampuni. Alisema yeye ni afisa mahusiano.

"Karibu sana, mama. Kampuni inawajali. Umeona tulivyopaka rangi shule? Na jezi za timu umeziona?"

"Nimeziona. Nimekuja kwa ajili ya maji."

"Nimelipokea lalamiko lako, mama."

Hakuandika neno hata moja. Alinipa madaftari matatu yenye picha ya kiwanda kwenye jalada, akaniaga kwa tabasamu. Nilikwenda kudai maji safi, nikarudi na madaftari. Njiani nilikaribia kuyatupa kwenye mfereji ule ule.

Sikuyatupa. Nilipanda gari kwenda Kamunyonge, kwa Bi Hafidha. Alinikaribisha chai na chapati. Nikamweleza yote, tangu ng'ombe hadi madaftari. Alitikisa kichwa.

"Ursula, kabla sijaanza biashara nilikuwa nakata minofu ya sangara kwenye kiwanda kingine, miaka kumi na moja. Nikwambie kitu. Kiwanda chetu nacho kilikuwa na maji machafu. Kila kiwanda cha samaki kinayo. Lakini hayakuwa yanaenda ziwani hivihivi. Kwanza yalipita kwenye chujio la mafuta. Yakaingia bwawa la kwanza, uchafu ukatulia chini. Halafu bwawa la pili, halafu la tatu. Yakifika mwisho yanapimwa, ndipo yanaachiwa."

"Kwa hiyo inawezekana?"

"Inawezekana sana. Ila mabwawa ni gharama, na ng'ombe mmoja ni rahisi."

Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo.

"Sikiliza," aliendelea. "Kuna hisani na kuna wajibu. Jezi ni hisani. Rangi ya shule ni hisani. Mwenye kiwanda akitoa, tunashukuru. Asipotoa, hatumdai. Lakini kutochafua maji ya watu ni wajibu. Huo tunamdai, hata kama ametoa jezi mia. Hisani hailipi wajibu."

"Na sheria inasemaje?"

"Sheria ya mazingira inasema anayechafua ndiye anayegharimia kusafisha. Na kiwanda kabla hakijajengwa, kinafanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira. Kinapewa cheti, na cheti kina masharti. Waulizeni, masharti yao yanasema nini kuhusu maji?"

"Watanijibu mimi? Hata mlinzi hanijibu."

"Ukienda peke yako hawakujibu. Unarudi na madaftari. Malalamiko ya mdomo yanaishia getini. Andika tarehe kila maji yanapofunguliwa. Piga picha. Halafu mkutano wa kijiji ukae, muhtasari uandikwe, watu wasaini. Barua ipitie kwa mtendaji wa kijiji, iende kwa afisa mazingira wa halmashauri. Na nakala yenu igongwe muhuri, mbaki nayo. Asije mtu akasema hakuiona."

Nilirudi nyumbani nikachukua daftari moja la Kampuni. Kwa wiki tatu niliandika humo kila kitu. Jumanne, saa nane mchana, maji yametoka, yana povu. Ijumaa, saa tatu asubuhi, yametoka, samaki wadogo wamekufa ukingoni. Nyangi alipiga picha kwa simu. Apolinary alituangalia tukiandika. Nadhani aliona aibu kidogo. Nilimwacha aione.

Mkutano wa kijiji ulifanyika Jumamosi. Meneja wa Kampuni, Bwana Makoye, aliitwa, akaja. Bi Hafidha naye alikuja kama mnunuzi wetu. Nilikuwa hata sijafungua mdomo, Mzee Mugeta akasimama. Huyu ndiye mwenyekiti wa kitongoji chetu na ndiye hupatanisha watu.

"Hili neno tulilimalizaga," alisema. "Tulikula. Mtu akishakula, harudi kudai."

Wanaume wakaitikia kwa vichwa. Bwana Makoye naye aliitikia, tena kuliko wote.

Nikasimama.

"Shikamoo, baba. Naomba kuuliza. Wewe umepatanisha watu wengi hapa. Mkosaji akileta mnyama, mnachinja kwanza au anasema kwanza?"

"Anasema kwanza," alijibu Mzee Mugeta. "Anasema kosa yake mbele ya watu. Anaahidi kuacha. Ndiyo tunachinja."

"Kampuni walipoleta ng'ombe, nani alisema kosa?"

Mzee alifikiri. "Ililetwa na gari. Dereva alisema ni zawadi ya sikukuu."

"Na mfereji waliuziba?"

"Hawakuziba."

"Basi hamkupatana, baba. Mlikula nyama tu. Na sisi wanawake tuliletewa utumbo, nao haukutosha."

Watu walicheka. Mzee Mugeta hakucheka. Alikaa chini, akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Huyu mama amesema kweli," alisema mwishowe. "Hakuna aliyetufunga mdomo. Tulijifunga wenyewe."

Bwana Makoye akasimama haraka. "Wazee wangu, tusifike huko. Kampuni imeajiri vijana wenu thelathini. Mnataka tufunge?"

Neno la kazi huwa linatunyamazisha, na yeye alilijua hilo. Bi Hafidha akaomba nafasi.

"Bwana meneja, kiwanda nilichofanyia kazi kiliajiri zaidi ya watu mia tatu, na kilikuwa na mabwawa. Hawa hawajasema ufunge. Wamesema usafishe. Kijana anayefanya kazi kwako, mama yake anakausha dagaa pale chini. Ukimpa mtoto mshahara huku unamharibia mama kazi, umesaidia nyumba gani?"

"Tunaomba pia kuona masharti ya cheti chenu cha mazingira," nilisema.

"Yako ofisini," alijibu.

"Basi andikeni kwamba yako ofisini, na kwamba tumeyaomba."

Niligeuka kuona nani anaandika muhtasari. Alikuwa Apolinary. Alikuwa ameinamia karatasi, kalamu inakimbia. Alipomaliza aliweka sahihi yake kabla ya wote, kisha akampelekea Mzee Mugeta. Watu mia moja na arobaini walisaini siku hiyo. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba.

Msidhani mambo yalikwenda mbio. Barua ilikaa wiki tano. Tulipofuatilia halmashauri tuliambiwa haijafika. Apolinary akatoa nakala yenye muhuri, akaiweka mezani, wakaikumbuka. Afisa mazingira akaja, akachota maji ya mfereji kwa chupa yakapimwe. Majibu yakachelewa, tukafuatilia tena. Nilichoka mpaka nikasahau kuchoka kunaanzia wapi. Lakini kila safari tulikwenda wanne au watano, na kila safari tuliandika.

Afisa mazingira alipoyatoa masharti ya cheti, yalisema wazi: maji yasafishwe kwenye mabwawa kabla ya kutoka. Mabwawa yalikuwa kwenye ramani. Kwenye ardhi hayakuwepo. Kampuni wakaamriwa na serikali kuyachimba, wasimwage hata ndoo moja ziwani mpaka wamalize. Wakaamriwa pia kuondoa tope la mafuta pale tunapooshea dagaa.

Ilichukua miezi saba. Hakuna kijana aliyefukuzwa kazi. Wanane zaidi waliajiriwa kuyatunza mabwawa. Sasa ukisimama ukingoni unaona mchanga chini ya maji. Bi Hafidha alikuja, akafungua gunia, akanusa kwa muda mrefu. Halafu akamwambia dereva wake apakie yote.

Wiki iliyofuata nilikuwa natandaza dagaa nikamwona Bwana Makoye anakuja, pamoja na mtu mwenye kamera.

"Mama Nyangi," alisema, "Kampuni imefanya kazi kubwa hapa. Tunaomba useme maneno machache ya shukrani, tukurekodi."

Nilimtazama. Sikuwa na hasira naye tena. Zilikuwa zimekwisha njiani.

"Bwana meneja, jirani akiacha kumwaga majivu mlangoni kwangu, simshukuru. Ila asubuhi nikikutana naye, namwamkia kama mtu. Umeamkaje?"

Alimtazama mwenye kamera, akanitazama mimi.

"Nimeamka salama, mama."

"Vizuri. Sasa sogea kidogo. Umewazibia dagaa jua."