Waliomcheka Mama

Milango ya Sinema Nyota ilipofunguliwa alasiri ile ya Jumamosi, watu walimiminika barabarani wakipepesa macho kwa ukali wa jua la Nakuru. Wengine walikuwa wanapangusa machozi, wengine wanapiga miayo, na wauza njugu wakawaingilia katikati wakipaza sauti. Ilikuwa mwaka wa sabini na tano. Chelagat alitoka akiwa amenuna, gauni lake la rangi ya chungwa limekaza kiunoni, viatu vya raizoni, vyenye soli nene, vikigonga sakafu.

"Picha gani hiyo?" alimwambia Cheptoo, rafiki yake ambaye walifanya kazi pamoja kwenye mitambo ya simu pale Posta. "Mwanamke analia kwenye mvua robo saa nzima, na nywele zake zimekaa vile zilitoka saluni!"

"Wacha wewe. Mimi nimelia," Cheptoo akajibu, leso ingali mkononi.

"Umelia juu ya ule muziki. Ungeziba masikio ungecheka. Hawa watengeneza picha wa siku hizi wanafikiri sisi ni watoto. Wanaweka bunduki, wanaweka busu, wanaweka harusi mwisho, halafu wanatufungulia mlango twende nyumbani."

"Na huyo mwanamke angelia vipi, dada?"

Sauti ilitoka nyuma yao. Chelagat aligeuka, akamwona kijana mrefu mwenye nywele zilizofumka kama kichaka, shati la maua na suruali iliyopanuka miguuni hadi ikafunika viatu. Alikuwa ameshika kijitabu na kalamu.

"Mtu akiumia kweli halii mbele ya watu," Chelagat akamjibu bila kufikiri. "Anatafuta kazi ya kufanya. Anafagia mahali pamekwisha kufagiwa."

Kijana akainama, akaandika.

"Unaandika nini? Wewe ni polisi?"

"Mbaya zaidi," akasema akitabasamu. "Mimi ni mmoja wa hao watengeneza picha."

Jina lake lilikuwa Ephantus. Alikuwa amesomea kazi ya kamera ng'ambo, na Amarjit, Kalasinga mwenye Sinema Nyota, alikuwa amekubali kumsaidia kutengeneza picha yake ya kwanza. Kila Jumamosi alisimama pale mlangoni akiwauliza watu wamependa nini na wamechukia nini. Chelagat alimwambia aandike vizuri, naye Cheptoo akadokeza kwamba wao ni wa mitambo ya simu Posta, kisha Chelagat akamshika mkono wakaondoka. Hakugeuka nyuma, ingawa alitaka.

Jumatatu asubuhi taa iliwaka kwenye ubao wake wa simu.

"Namba, tafadhali."

"Sijui namba," ilisema sauti aliyoitambua mara moja. "Nataka kuongea na yule dada mwenye ugomvi na mvua."

"Bwana, hii ni laini ya serikali."

"Basi serikali iniambie kama atakunywa chai na mimi saa kumi na moja."

Chelagat alimtupia jicho msimamizi aliyekuwa ameketi mbele, akashusha sauti. "Serikali inasema saa kumi na moja na nusu. Na usivae lile shati."

Alilivaa lilelile. Wakanywa chai kwa mandazi, na kuanzia siku hiyo wakawa hawaachani. Jumamosi waliketi kule juu ghorofani mwa sinema, wakala njugu na kubishana hadi watu wakawanyamazisha. Kilichomvuta Chelagat si urefu wake wala maneno yake matamu, bali jinsi alivyosikiliza. Alikuwa ameshawahi kupendwa na vijana waliosifia miguu yake. Huyu alisifia akili yake, tena alikumbuka aliyosema wiki tatu nyuma.

"Chela wangu," alimwambia siku moja, "wewe peke yako unatosha ukumbi mzima wa watazamaji."

"Na mimi nikichoka kutazama?"

"Nitazima mashine, nikuangalie wewe."

Jumapili moja alimpakia kwenye pikipiki hadi Longonot, alikotaka kutazama stesheni ya kupigia picha yake. Walikaa kwenye nyasi kavu, mlima mbele yao, upepo ukipeperusha kitambaa cha kichwa cha Chelagat. Ephantus akamuuliza ni picha gani ambayo yeye mwenyewe angependa kuiona.

Chelagat akamwambia jambo ambalo hata Cheptoo hakulijua. Alimwambia jinsi baba yake alivyopata kazi ya reli Kisumu yeye Chelagat akiwa na miaka kumi na minne, na jinsi alivyoacha kurudi. Kila Alhamisi mama yake, Chepkosgei, alipaka viatu vyake vya mpira masizi ving'ae, akabeba kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, akashuka stesheni ya Molo kungoja treni ya Kisumu. Treni ikifika na watu wakishuka wote, alimwendea gadi wa treni na kumwambia, "Labda amelala huko ndani. Hebu mwamshe." Alifanya hivyo miaka minne. Chelagat alikuwa akisimama kando yake, amevaa sare ya shule, akiona watu wanavyotazamana.

"Hiyo si ya picha," alimaliza. "Hiyo nimekupa wewe."

Ephantus alikuwa amemshika mkono. "Haki ya Mungu, Chela. Itakaa hapa," akasema, akigusa kifua chake. Na pale pale akamwambia kwamba Desemba angependa kwenda Molo na wazee wake.

Miezi iliyofuata alipotea kwenye kazi. Alipiga simu akiwa Nairobi, sauti imechoka, akisema picha inaendelea, ni ya vichekesho vya reli, Amarjit anaisukuma huku na huku. Siku ya kwanza ya kuonyeshwa ilipokaribia, alimwambia jambo lililomshangaza.

"Usije Jumamosi hiyo, mpenzi. Kutakuwa na watu wengi sana. Ngoja wiki ya pili, tuione tukiwa wawili."

Chelagat alidhani ni woga wa msanii. Akabadilishana zamu na Cheptoo, akampelekea mama yake ujumbe Molo: aje mjini, kuna mtu wa kuonana naye.

Chepkosgei alifika na baridi ya Molo bado kwenye shali lake zito, viatu vya ngozi miguuni, kitambaa cheupe kichwani. Hakuwa amewahi kuingia sinema maishani mwake. Taa zilipozimwa alimshika binti yake goti.

"Ndio wanatutaka tulale?"

"La, mama. Tazama mbele."

Pakatokea stesheni. Halafu pakatokea mwanamke aliyekuwa anapaka viatu vya mpira masizi. Hakuwa mwanamke, alikuwa mwanamume mnene aliyejazwa matambara makalioni, mdomo umepakwa rangi hadi mashavuni. Alibeba kibuyu kikubwa kama mtoto wa miaka mitatu. Alitembea akitikisika, watu wakaanza kucheka kabla hajafanya lolote. Treni ikafika, abiria wakashuka, kibuyu kikammwagikia mkuu wa stesheni. Ukumbi ukalipuka. Kisha yule mtu akamshika gadi tai, akabana sauti ikawa nyembamba.

"Labda amelala huko ndani! Hebu mwamshe!"

Watu walipiga viti. Mtu aliyeketi mbele ya Chelagat alicheka hadi kofia ikaanguka. Alhamisi ya pili kwenye picha, maneno yakarudi. Ya tatu, ukumbi wote ukayasema pamoja na yule mtu, kama darasa linalomjibu mwalimu.

Chelagat aliendelea kutazama mbele. Hakuthubutu kugeuza shingo. Alipogeuka, mama yake alikuwa akikunja shali lake juu ya magoti, analinyoosha, analikunja tena.

"Gari la Molo litaniacha," Chepkosgei alisema, akasimama.

Nje jua lilikuwa bado juu. Mama alitembea hadi kituo cha magari, Chelagat nyuma yake, viatu vya raizoni vikimwangusha. Alipokwisha kupanda gari ndipo alipomtazama binti yake.

"Maneno yale niliyasema pale stesheni tu. Na mtu wangu aliyekuwepo ni wewe."

"Mama, sikujua—"

"Nenda ukamalizie picha yako."

Chelagat alirudi Sinema Nyota karibu akikimbia. Watu walikuwa wanatoka, wamefurahi kama watu wa harusi. "Hii ndiyo picha!" mmoja alisema. "Hatimaye watu wanaongea kama sisi!" Vijana wawili walikuwa tayari wanaigizana: "Hebu mwamshe! Hebu mwamshe!" Ndani, Amarjit, kilemba cha buluu kichwani, alikuwa akishikwa mkono na kila mtu, na kando yake amesimama Ephantus katika suti mpya. Alipomwona Chelagat, tabasamu lake lilikufa.

"Chela. Nilikuambia usije leo."

"Ulijua, basi. Ndiyo maana."

"Nisikilize. Ya kwanza haikuwa hivi. Niliifanya vile ulivyonisimulia, kwa heshima, mwanamke kamili. Tukawaonyesha watu Nairobi, wakapiga miayo, wengine wakatoka. Amarjit akaniambia watu wacheke au picha ikae kwenye kabati. Umeona leo? Umesikia walivyoipenda?"

"Walikuwa wanamcheka mama yangu. Nilikuwa nimeketi naye."

Ephantus aliangaza macho ukumbini. "Mama yako... yuko hapa?"

"Alikuwa. Nilimleta akuone." Sauti yake haikupanda; ingepanda ingekuwa nafuu kwa Ephantus. "Uliapa, Ephantus. Hata ile ya heshima ulikuwa umeapa hutaifanya."

Amarjit akaingilia kwa upole. "Dada, hakuna mtu amejua ni nani. Jina hakuna. Watu wamefurahi tu."

"Yeye amejua," Chelagat alisema, akaondoka.

Ephantus alipiga simu Posta siku nzima Jumatatu, na Jumanne, na siku zilizofuata.

"Namba, tafadhali."

"Chela, ni mimi. Sijala tangu Jumamosi."

"Unataka namba gani, bwana?"

"Niambie nifanye nini. Nitafanya lolote."

Siku ya Ijumaa, badala ya kumkatia laini, Chelagat alishusha sauti.

"Nenda kwa aliyekosewa," akasema. "Jumapili mimi nitakuwa Molo. Usije na shati la maua."

Alikuja katika koti la kijivu, matope hadi magotini, kwa kuwa barabara ya juu ilikuwa imeharibiwa na malori ya viazi. Chepkosgei alikuwa shambani, anachagua viazi kuvitia kwenye magunia. Wiki ile yote hakuwa amemtumia binti yake hata salamu. Chelagat alipofika asubuhi alipewa jembe tu. Sasa Ephantus alisimama mbele yao, kofia mkononi, akasema yote. Hakumtaja Amarjit, hakutaja watu wa Nairobi. Alisema ni yeye.

Chepkosgei alimsikiliza bila kuacha kuchagua viazi. Kijana alipomaliza, akamuuliza, "Mimi niliondoka kabla haijaisha. Mwisho wake mliufanyaje?"

Ephantus alitazama chini. "Mume anarudi, mama. Anashuka na sanduku na kitenge kipya. Wanacheza ngoma hapo stesheni. Watu... watu wanapenda arudi."

Chepkosgei aliacha kiazi kikaanguka. Halafu akacheka. Alicheka akijishika mbavu, akalazimika kukaa juu ya gunia, na Chelagat, ambaye hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu utotoni, akaogopa.

"Mlinirudishia!" akasema akipangusa macho. "Huyo ndiye mliyenirudishia! Kijana, wiki ya tatu tu nilikuwa najua haji. Ana mke Kisumu, gadi mwenyewe aliniambia."

"Mama?" Chelagat alisema.

"Shamba hili liliandikwa jina la baba yako. Kipsang, ndugu yake, alikuwa ananivizia. Alitaka anirithi mimi na udongo pamoja, wewe akuoze. Lakini mke anayemngoja mumewe, nani atamgusa? Wazee wangesema nini? Kwa hiyo nikangoja. Nilingoja mahali ambapo kila mtu ataniona, kila wiki, kwa sauti kubwa. Mursik niliwauzia abiria. Siku uliyomaliza kidato cha nne, na mwenye ofisi ya ardhi akaliandika shamba kwa jina langu, sikuenda tena." Akamgeukia binti yake, na kicheko kikawa kimeisha. "Nilidhani wewe ulijua. Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa umesimama kando yangu ukinionea haya."

Chelagat aliweka jembe chini. Alipiga magoti kwenye udongo, gauni lake zuri na yote, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Mkono wa Chepkosgei ulikaa hewani muda, halafu ukashuka juu ya kitambaa chake cha kichwa, ukabaki hapo.

"Mama, niruhusu niifanye upya," Ephantus alisema. "Ya kweli."

"La. Mmekwisha kunitazama vya kutosha."

Chelagat alimsindikiza Ephantus hadi kwenye ua wa misonobari. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni.

"Desemba bado iko," Ephantus alisema. "Wazee wangu wako tayari. Chela, nakupenda, hilo sikulitunga."

"Najua." Alimfunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka, kwa kuwa baridi ilikuwa kali na kwa kuwa bado alimpenda. "Lakini mke humwambia mumewe mambo. Jikoni, kitandani, akiwa amechoka. Mimi kila nikifungua mdomo nitakuwa natafuta kalamu yako iko wapi. Sitaweza kuishi hivyo, Ephantus. Nami nina deni kwa mtu mwingine: nimwulize maswali ambayo sikumwuliza."

"Na nikingoja?"

"Usingoje."

Ephantus alishuka njia ya malori, akateleza mara mbili, hakugeuka. Picha ile ilionyeshwa Nakuru wiki tisa mfululizo, na watu walisema hawajaona nyingine nzuri kama hiyo. Lakini hilo lilikuwa bado mbele. Jioni ile Chelagat alivua viatu, akarudi shambani pekupeku, akashika mdomo wa gunia ili mama yake ajaze.

"Kipsang alisema nini alipopata habari ya shamba?" akauliza.

"Lo! Kaa chini," Chepkosgei alisema. "Hiyo ni ndefu."