Kitufe cha Nyumbani

"Fungua mkanda wako, mpenzi. Tunaingia barafuni."

Mkono wa Saila ulishafika kwenye mkanda kabla hajajiuliza ni nani anayemwita mpenzi. Sauti ilitoka kwenye spika za gari. Haikuwa ile sauti kavu ya ramani aliyoizoea. Ilikuwa ya mwanamke wa nyama na damu, mwenye mafua kidogo, na nyuma yake kilisikika kijiko kikikoroga kikombe.

Ulikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umekaa juu ya pwani na kioo cha mbele hakikuonyesha chochote. Matairi yakaanza kupiga maji. Saila akadhani ni dimbwi la theluji iliyoyeyuka, akaendelea taratibu.

"Geuza gari," sauti ikasema.

Hapo akakanyaga breki. Gari likateleza, likaserereka ubavu, likasimama. Alishusha kioo, akachungulia nje. Barabara ilikuwa imekwisha nyuma yake. Mbele ilikuwa bahari, barafu ya kijivu iliyofunikwa na maji, na mahali fulani ndani ya ukungu barafu hiyo ilitoa mlio mrefu wa kitu kinachopasuka polepole.

Kila kipupwe bahari ya huko Oulu, mji wa kaskazini, huganda, na magari huvuka hadi kisiwa cha ng'ambo juu ya barafu, watu wakiwa wamefungua mikanda ili ikipasuka waruke nje haraka. Hata Saila, binti wa Tampere, mji wa kusini, aliyehamia huku kwa ajili ya mapenzi, alilijua hilo. Alijua pia kwamba theluji ikishaanza kuyeyuka na mapaa kuchuruzika hakuna mwenye akili timamu anayevuka. Kibao cha kufunga njia kilikuwepo, ila upepo ulikuwa umekiangusha chali. Alirudi kinyumenyume, roho mkononi, mpaka aliposikia changarawe chini ya matairi. Ndipo akampigia mchumba wake.

"Taneli, gari lako lina wazimu."

"Limefanya nini tena?"

"Nimetoka kuchukua viatu vya harusi. Nikabonyeza kitufe cha nyumbani kwenye skrini, nikafuata ramani. Limenileta baharini."

"Baharini wapi?"

"Kwenye njia ya barafu. Nilikuwa nimeshaingia."

Upande wa pili misumeno ya kiwanda cha mbao ilisikika, kisha mlango ukafungwa na misumeno ikanyamaza.

"Saila, uko nchi kavu?"

"Mimi niko nchi kavu. Magoti yangu ndiyo bado yako barafuni."

"Simu umeiunganisha kwa waya?"

"Kwa waya."

"Basi ni huo waya. Chomoa, subiri kidogo, chomeka tena."

Saila alichomoa. Mshale wa buluu ulibaki pale pale kwenye skrini, ukielekea baharini.

"Nimechomoa. Simu iko mkononi, waya uko mapajani, na ramani bado ipo."

"Haiwezekani."

"Njoo uiambie wewe."

"Zima bluetooth ya simu yako."

"Nimezima."

"Nyoosha mbele," ile sauti ikasema ndani ya gari. "Nyoosha tu, usiogope."

Saila alijua kwamba Taneli naye amesikia, maana aliacha kupumua.

"Huyo mwanamke ni nani?"

"Gari limechanganyikiwa," Taneli alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Bonyeza kile kitufe cha kuongezea sauti, kishikilie mpaka skrini izime. Litajiwasha upya."

Saila alikishikilia. Skrini ikazima, na kwa muda akabaki yeye na ule mlio wa barafu. Kisha mwanga ukarudi na maandishi meupe yakajitokeza katikati, akayasoma kwa sauti.

"Karibu, Meeri. Simu ya Meeri imeunganishwa."

Meeri alikuwa mke wa Taneli. Alikufa miaka mitatu nyuma, mshipa wa kichwa ulipasuka akiwa amesimama jikoni, na kahawa ikaungua mekoni bila mtu wa kuiondoa. Taneli alimweleza Saila yote hayo tangu mwanzo wa uhusiano wao. Saila alimuuliza swali moja tu, kama kuna kitu cha Meeri kilichobaki kati yao, na Taneli alimwangalia machoni akaapa kwamba hakuna. Harusi yao ilikuwa Jumamosi.

"Saila, usiguse kitu. Nakuja."

"Usije. Simu ya marehemu iko wapi ndani ya gari nililokalia?"

Funguo zililia upande wa pili, Taneli akiufunga mlango kwa ndani.

"Kwenye buti," akasema mwishowe. "Chini ya tairi la akiba."

Saila aliikuta humo, imevikwa soksi ya sufu iliyofumwa kwa mkono, na ilikuwa ya moto kama imetoka kushikwa sasa hivi. Waya wake wa chaji ulipita chini ya zulia hadi kwenye soketi ya kipasha joto cha ndani ya gari, kinachopata umeme gari likichomekwa uani. Saila akaelewa jambo lililokuwa likimchekesha wiki nzima. Huko kila mtu huchomeka gari lake kwenye nguzo ya umeme uani wakati wa baridi kali, injini isigande. Lakini baridi kali ilikwisha, na Taneli bado alichomeka kila jioni. Saila alikuwa amemtania kwamba anataka gari lichemke. Taneli alicheka, na jioni akatoka tena na waya wake.

Saila alirudi kwa kuuliza njia kwenye kituo cha mafuta, simu ya marehemu ikiwa kwenye kiti cha pembeni. Kila njia panda sauti ilimwita upande wa bahari, kwa upole, bila kuchoka. "Pinda kulia, mpenzi." "Sasa kushoto." Saila alilia kwa hasira na kwa woga, asijue kipi kimezidi.

Taneli alikuwa amesimama uani karibu na nguzo ya umeme, bado amevaa nguo za kiwandani.

"Uliniapia," Saila alisema kabla hajafunga mlango wa gari.

"Niliapa."

"Nilikuuliza kitu kimoja tu, Taneli. Nisingekukataza. Ungeniambia una sanduku zima la vitu vyake ningekusaidia kulipanga. Wewe ukachagua kunipakia naye kwenye buti."

"Nilikuwa naizima ile ya kujiunganisha kila tunapopanda wote. Leo ulichukua gari ghafla, nikasahau."

"Kwa hiyo kosa langu ni kuchukua gari."

"Sijasema hivyo."

"Na ukiwa peke yako?"

Taneli aliangalia chini. "Nikiwa peke yangu namsikiliza. Alirekodi sauti yake kwenye ramani, utani tu, kwa sababu nilikuwa napotea kila siku. Nyumbani aliweka kwa mama yake, kisiwani. Alisema kule ndiko nyumbani, huku tunalala tu."

"Ungeihamishia sauti kwenye simu nyingine, ukaitunza kama watu wengine wanavyotunza picha."

"Nilijaribu. Ikihamishwa inakuwa rekodi tu. Humu bado ananielekeza pa kwenda."

Saila alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia. Hakufanya lolote. Simu ililia mkononi mwake, ikaonya kwamba chaji inaisha.

"Ni mbovu, haikai na chaji," Taneli alisema upesi. Mkono wake ulinyanyuka, akaurudisha mfukoni.

"Ikizima itakuwaje?"

"Ikiwa karibu na gari haidai kitu, inaliamini gari. Ikizima tu, ikiwaka itataka namba ya siri. Meeri aliondoka nayo. Haitafunguka tena."

"Kwa hiyo miaka mitatu umekuwa ukiilisha umeme."

"Ndiyo."

Alama ya betri ilikuwa imebaki ukucha mwekundu. Taneli aliutazama ule wekundu, kisha akamtazama Saila usoni, na safari hii hakukwepesha macho.

"Acha izime," akasema. "Nilipaswa kuiacha zamani. Leo ilitaka kukuua."

"Unasema kweli?"

"Nasema kweli. Jumamosi nataka kuoa nikiwa mzima."

Alishika nguzo ya umeme, mtu mzima yule, lakini hakusogea. Saila alihesabu moyoni kila kitu alichokuwa na haki nacho. Kisha akainama kwenye buti, akachomeka waya kwenye simu, akachukua waya wa gari na kuuchomeka kwenye nguzo yeye mwenyewe.

"Mama yake anajua kwamba sauti hii ipo?" aliuliza.

"Hapana. Sijaenda kwake tangu nilipokupata. Ningemwambia nini? Kwamba naoa?"

"Utamwambia hivyo hivyo. Kesho tunapanda kivuko. Na mimi naendesha, kwa sababu wewe sikuamini bado."

Kesho yake kivuko kiliwavusha kwenye mfereji uliokatwa katikati ya barafu, vipande vikigonga ubavu wa chuma chini ya miguu yao. Kisiwani Saila alibonyeza kitufe cha nyumbani kwa makusudi. Sauti ikawapitisha kwenye misitu ya misonobari, ukungu ukiwa bado haujaondoka, na mbele ya nyumba nyekundu ya mbao ikasema:

"Umefika nyumbani. Ingia, kahawa iko tayari."

Bibi mmoja mwembamba alikuwa amesimama kwenye ngazi, kana kwamba ameitwa. Huyo ndiye Hilkka, mama wa Meeri. Vioo vya gari vilikuwa wazi. Alishuka ngazi moja, akasimama, akashika nguzo ya baraza.

"Taneli," alisema. "Nani ameongea humo ndani?"

"Mama, nisamehe. Ingia ukae."

Taneli alihamia nyuma, Hilkka akaingia na kukaa kiti cha mbele bila kuvua aproni. Wakamwekea sauti zote, moja baada ya nyingine: pinda kulia, nyoosha, fungua mkanda, punguza mwendo baba, hapa wana kamera. Bibi alilia kimya kimya, na ile ya kamera ilimchekesha akiwa bado analia. Taneli akamweleza yote: chaji, namba ya siri, na harusi ya Jumamosi.

"Mafua yale," alisema. "Nilimwambia avae kofia." Kisha akamgeukia Taneli. "Na wewe umeogopa isizime miaka yote hii? Kwa nini hukuniuliza namba?"

"Unaijua?"

"Ni namba ya nyumba hii, mara mbili. Alikuwa mvivu wa kukumbuka mambo tangu mtoto. Ungekuja, mwanangu, ungeipata siku hiyo hiyo."

Taneli alifunika uso kwa viganja. Hilkka akageuka, akampapasa begani, halafu akamtazama Saila kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye bibi harusi."

"Ndiye mimi, mama. Kama utaniruhusu kukuita hivyo."

"Nilikuwa nasubiri mtu wa kuniita. Nitakuja Jumamosi, mnitafutie kiti cha mbele, masikio yangu si mazuri."

Saila alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu jana. Ila kulikuwa na jambo moja.

"Kuna moja hatujaisikia," alisema.

"Zimeisha zote," Taneli alisema. "Nazijua kwa moyo."

"Ile ya geuza gari."

Taneli aliondoa mikono usoni. "Geuza gari?"

"Jana, pale kwenye barafu. Maji yalikuwa tayari kwenye matairi. Alisema geuza gari, ndiyo nikasimama. Asingesema, ningeenda moja kwa moja."

"Saila, hiyo haipo."

"Nimeisikia kwa masikio yangu."

"Hakuirekodi. Nilimkumbusha, akakataa, akasema mimi nikishapotea sigeuki hata nikiambiwa, kwa hiyo anapoteza mate bure. Angalia mwenyewe." Alimwonyesha orodha ya sauti kwenye skrini ya gari. Nafasi ya maneno hayo ilikuwa tupu. "Na ramani ile ilikuwa inakupeleka huku kisiwani. Ilikuwa na sababu gani ya kukurudisha?"

Maji yalichuruzika kutoka kwenye paa, na skrini iliwaka mbele yao ikionyesha mshale mmoja wa buluu uliotulia juu ya nyumba.

Hilkka ndiye aliyenyoosha mkono. Aliichukua simu iliyokuwa katikati ya viti, akaivua soksi aliyoifuma mwenyewe miaka mingi iliyopita, akaikunja na kumwekea Saila mapajani.

"Ametimiza kazi yake," alisema. "Mwacheni alale."

Akaizima kwa kidole chake. Taneli alifumba macho, na ilipozimika alikuwa ameshika mkono wa Saila, si wa mtu mwingine.

Jumamosi walioana kwenye kanisa dogo la Oulu, Hilkka akiwa kiti cha mbele na kofia kichwani. Walipotoka, mchele waliorushiwa ukiwa bado kwenye nywele, Saila ndiye aliyekaa kwenye usukani. Alichomeka simu yake na kubonyeza kitufe cha nyumbani. Ile sauti kavu ya mashine ikaanza kutoa maelekezo ya kwenda mtaani kwao, kwenye ua wenye nguzo ya umeme.

"Umeridhika?" Taneli aliuliza.

"Ngoja kwanza."

Alisubiri kidogo, akisikiliza. Spika hazikusema kitu kingine.

"Asante, Meeri," alisema taratibu, na Taneli hakumwuliza kwa nini.

Kisha Saila akafunga mkanda, akaondoa gari.