Mtutu Ulikuwa Mbele

Kivuli kilikuwa kimehama.

Kila mchana, wageni wa makumbusho wakishapungua, Mzee Shabaha aliweka kiti chake mahali pale pale uani, chini ya mtutu wa kifaru, na kivuli chake chembamba kikamkinga macho. Miaka nenda, miaka rudi. Siku hiyo aliketi, akafumba macho, akahisi jua linamchoma kope. Alipofumbua, kivuli kilikuwa kimelala pembeni, upande wa kushoto, kama mtu aliyejigeuza usingizini.

Akasimama, akauangalia mtutu. Kichwa cha kifaru, lile pande la chuma la juu linalobeba mzinga, kilichomelewa zamani ili kisizunguke na kuumiza watoto. Akapitisha kidole kwenye mshono wa kuchomelea. Mzima. Hata kutu iliyokuwa juu yake haikubanduka.

"Jua limehama," alijiambia, kama mtu asiyetaka kujua. Akasogeza kiti.

Kazi ya mzee huyu ilikuwa moja tu: kusimulia. Ujanani, wakati wa vita, alikuwa mpiga mzinga ndani ya kifaru hicho hicho. Vita vilipokwisha, kiliburutwa kutoka porini, kikapakwa rangi, kikawekwa uani, naye akaajiriwa kuwapa wageni kisa cha kweli. Kweli yenyewe alikuwa ameitia chumvi mpaka inawasha ulimi. Hata binti yake wa pekee, fundi rangi, mcheshi kama marehemu mama yake, alizoea kumtania: "Baba, adui zako wanazaana. Mwaka jana mlilipua vifaru vitatu, mwaka huu vitano. Mwakani mtamaliza jeshi zima." Lakini alitania tu. Shuleni alikuwa amepigana na wenzake kwa ajili ya jina la baba yake, na mzee hakuwa na mali nyingine isipokuwa jinsi binti huyo alivyomtazama.

Wageni walipenda zaidi sehemu ya dereva.

"Tulikuwa wanne humu," angeanza, akipiga chuma kwa kiganja. "Kombora lilipotupata, kamanda na mpakia makombora walikwenda palepale. Tukabaki mimi na dereva. Moto umeshika! Mimi nikatoka, nikakimbilia mfuniko wake, huu hapa mbele. Sasa sikilizeni. Mtutu ukigeuzwa kushoto, unaukalia mfuniko huu, haufunguki hata kwa nyundo. Lakini mtutu ulikuwa mbele! Nikamwambia, 'Kijana, mlango uko wazi. Sukuma tu!'" Hapo angekunja magoti, akatetemesha mashavu, akawa dereva. "Wapi! Kaganda, suruali imelowa. Sukuma tu, jamani! Hata kuku angesukuma!"

Na wageni hucheka. Wakati mwingine humpigia makofi.

Siku chache kabla ya kivuli kuhama, nyuma ya kundi la wanafunzi waliokuwa wakicheka, alisimama bibi mmoja ambaye hakucheka.

"Mtutu ulikuwa wapi, baba?" aliuliza.

"Mbele, mama."

"Ulikuwa mbele kweli?"

"Niliuona kwa macho haya."

Bibi akasogea. Akaweka kiganja juu ya mfuniko wa dereva, akakiacha hapo, ingawa chuma kilikuwa kimeiva kwa jua. "Huyo unayemfanyia mzaha ndiye niliyemzaa," alisema polepole. "Basi na uwe mbele. Watu wote wauone mbele. Wewe peke yako uuone pale ulipokuwa."

Akaondoka, hata kiganja hakukipuliza. Wanafunzi wakatazamana. Mzee Shabaha akacheka cheko la pembeni ya mdomo, akasema wazee wengine wakizidi umri wanachanganyikiwa.

Tangu kivuli kihame, mtutu haukupumzika. Kila asubuhi aliukuta umesogea kushoto kidogo zaidi, kuelekea mfuniko wa dereva, bila mlio. Alimvuta mlinzi wa geti kwa mkono.

"Hebu tazama. Umeelekea wapi?"

"Umenielekea mimi getini, mzee, kama siku zote," mlinzi akajibu. "Macho hayo, nenda ukapimwe."

Halafu ikaja harufu. Kwanza dizeli, na dizeli haikutiwa humo tangu vita. Kisha nywele zinazoungua. Aliinusa akiwa anakunywa chai, akaimwaga chai. Na ndani ya ukumbi, katika kabati la kioo lilipowekwa vazi la wapiganaji wa vifaru, ile kofia yenye visikilizio ilianza kunong'ona alipopita akifagia, sauti nyembamba, ya adabu, ya kijana anayeomba kitu kidogo tu.

"Kaka... nisogezee mtutu, kaka."

Ufagio ulimtoka mkononi.

Maana ukweli ulikuwa huu, na aliyeujua akiwa hai alikuwa yeye peke yake. Mtutu haukuwa mbele. Alikuwa ameugeuza kushoto mwenyewe, akitafuta adui kwenye vichaka, kombora lilipowapata. Ukakalia mfuniko. Dereva alimwita kwenye visikilizio bila kupiga kelele, kwa sababu alimwamini: kaka, nisogezee mtutu. Palikuwa na gurudumu dogo la kuzungusha kwa mkono, pembeni ya goti lake. Mizunguko michache tu. Moshi ukamfika miguuni, naye akavua kofia, akapanda, akaruka. Akiwa chini kwenye nyasi alisikia spana ikigonga chuma kwa ndani. Aligonga muda mrefu, yule kijana. Kama kuna unyama uliozidi kumwacha mtu aungue, ni kuja kumwigiza baadaye akitetemeka.

Siku ya mapumziko alimleta mganga wa majini kwa siri. Mganga hakutoa kibuyu wala kuchoma ubani. Alibandika sikio kwenye chuma, akaling'oa haraka kama aliyeumwa.

"Humu mna mpangaji," alinong'ona. "Jini kaingia moto ulipozimika. Kaikuta sauti ya mtu imebaki humu, kaivaa. Alikuwa kalala. Sasa kaamshwa."

"Anataka nini? Mbuzi? Nitatoa mbuzi."

"Mbuzi mle mwenyewe. Anataka kisa kisimuliwe kilivyokuwa, mbele za watu, kwa kinywa hicho hicho." Mganga alikuwa ameshaanza kwenda zake. "Na kama huwezi, mzee wangu, basi asiingie humo mtu unayempenda. Nakusihi."

Wiki hiyo hiyo makumbusho yakatafuta fundi wa kukipaka kifaru rangi ndani na nje. Kazi akapewa binti yake.

Angeweza kumkataza. Alifungua mdomo mara kadhaa mezani, akaufunga. Akimkataza, binti atauliza kwa nini, na hiyo "kwa nini" ilimtisha kuliko jini. Akajipa moyo kwamba mganga ni mganga tu, wanaishi kwa kutisha watu. Akanyamaza, akala.

Ilikuwa mchana kweupe. Binti alijipenyeza kwenye kiti cha dereva, sehemu finyu ambayo kwa nyuma haina njia ya kwenda kichwani, akiwa na kopo la rangi, chupa ya thina ya kuzimulia rangi, inayoshika moto upesi, na taa ya umeme ya waya. Mfuniko aliurudisha nusu ili vumbi lisimwagikie rangi mbichi.

"Baba!" aliita kutoka ndani. "Toka juani, kaa hapo kivulini."

Kivuli alichokiona binti, mzee hakukiona. Kiti chake kilikuwa juani kabisa. Akainua macho taratibu, shingo ikimkatalia, akauona mtutu umemaliza safari yake: umelala juu ya mfuniko wa dereva, na mfuniko, uliokuwa nusu wazi sasa hivi, umekandamizwa chini ukafungwa.

Ndani, taa ya waya ikalia *pu*.

"Baba? Mfuniko umejifunga. Nifungulie." Kisha, kwa sauti nyingine: "Baba, kuna moto!"

Alipanda. Hilo tumpe, alipanda, mzee wa magoti mabovu akaparamia chuma kama kijana, akauvuta mfuniko wa binti kwa mikono miwili usitikisike hata kidogo chini ya uzito wa mtutu, akageuka, akajitosa kichwani kwa tundu la juu, akajikuta ameketi kwenye kiti kile kile, goti pembeni ya gurudumu lile lile, na gurudumu ambalo halikuzunguka tangu lilipochomelewa likazunguka mkononi mwake laini kabisa, limetiwa mafuta, mzunguko mmoja, na mtutu ukasogea upana wa kidole, na kule chini binti yake akawa anagonga kwa kopo la rangi, baba, baba, baba, na katikati ya kugonga huko ile sauti ya pili ikaingia, nyembamba, ya adabu, karibu na sikio lake hasa, ikisema vizuri hivyo, kaka, bado kidogo tu, usiniache tena, na hapo moshi mweusi wenye harufu ya nywele ukapanda kutoka sakafuni ukamshika vifundo vya miguu, na miguu, ambayo haikuwa imesahau chochote, ikanyanyuka yenyewe.

Aliruka. Viatu vyake viligonga chuma mara ya mwisho, kisha vikatua ardhini.

Akakaa kwenye vumbi, ameziba masikio.

Mlinzi wa geti alimpita mbio na mtungi wa kuzimia moto. Akarukia mbele ya kifaru, akashika mfuniko wa dereva kwa mkono mmoja, akaufungua kama anavyofungua sufuria, akamvuta binti nje kwa kwapa, nguo zinafuka. Alikuwa hai. Mikono na uso vilikuwa vimeungua vibaya.

"Mzee!" mlinzi alipiga kelele, machozi yanamtoka kwa moshi na kwa hasira. "Ulikuwa juu yake! Mbona hukumfungulia?"

"Mtutu... mtutu ulikuwa umekalia..."

Watu wote waliokuwa wamekusanyika wakageuka kutazama. Mtutu ulikuwa mbele, umeelekea getini. Mmoja akapitisha kidole kwenye mshono wa kuchomelea. Kutu haikuwa imebanduka. Wakamtazama mzee tena, wakaanza kusogea mbali naye mmoja mmoja.

Hospitalini walimpa binti chumba cha peke yake mwisho wa ukumbi. Mzee aliketi kando ya kitanda siku nzima. Muuguzi aliyekuwa akiingia na kutoka hakumsalimia. Habari zilikuwa zimeshafika. Jioni binti alifumbua jicho moja, lile lisilofunikwa na bandeji.

"Baba."

"Mwanangu. Niko hapa."

"Mlinzi anasema mfuniko ulikuwa huru," alinong'ona. Koo lilikuwa limeungua, kila neno lilitoka kwa gharama. "Haukuwa huru. Nilisukuma kwa mgongo. Kulikuwa na kitu juu yake."

"Mtutu," mzee akasema haraka, akimshika shuka. "Ulikuwa mtutu, mwanangu! Wewe unajua. Waambie!"

Binti alimtazama kwa jicho lile moja. Alitazama kwa muda, jinsi mtu anavyotazama picha ya zamani akitafuta sura anayoijua.

"Nilikusikia ukiingia. Ulizungusha kitu. Halafu nikasikia viatu vyako vikishuka." Akapumua. "Yule dereva wako, Baba. Naye alisikia?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, kama alikuwa anautaka. Neno moja tu, ndiyo, mbele ya mtu mmoja tu, anayempenda kuliko wote. Muuguzi alisimama akibadilisha dawa, anasikiliza waziwazi. Mzee Shabaha akalitazama lile jicho, akaliona bado lina tone la imani ndani yake, akashindwa kulimwaga.

"Yule aliganda kwa woga, mwanangu," alisema. "Mtutu ulikuwa mbele."

Binti akageuza uso ukutani. Hakuugeuza tena kwake.

Mzee akanyanyuka, eti anakwenda kunawa uso. Bafu la chumba kile lilikuwa finyu, la kutosha mtu mmoja aliyekunja magoti. Mlango ukajirudisha nyuma yake. Akafungua bomba. Hayakutoka maji. Ilitoka harufu ya dizeli.

Akageuka, akasukuma mlango. Haukwenda. Akasukuma kwa bega, kisha kwa mgongo. Juu ya mlango palikuwa na kioo cha ukungu cha kupitisha mwanga, na kwenye kioo hicho, kutoka pembe hadi pembe, kilikuwa kimelala kivuli kirefu, chembamba. Vigae vikaanza kupata joto chini ya soksi zake. Akagonga kwa kiganja, akagonga kwa ngumi, akavua saa akagonga kwa saa.

"Nifungulieni! Kuna kitu kimeukalia! Jamani, naungua!"

Nje, muuguzi alijaribu kitasa. Kikazunguka bila shida.

"Mzee, mlango uko wazi," alisema, bila haraka. "Sukuma tu."

Kisha mzee akasikia viatu vya muuguzi vikiondoka.