Ikianza Kuimba, Ipumzishe

Kila alipotoka shule, Cheche alitundika mkoba wake kwenye msumari ule ule nyuma ya mlango wa karakana, akavua viatu, akakamata mivukuto. Jina la Cheche alipewa na majirani, kwa sababu hakuwahi kukaa mahali pamoja hata chai yake ikapoa. Hata alipokuwa akivukuta moto, miguu yake ilicheza chini ya benchi kana kwamba inatafuta pa kutokea.

Mama yake alikuwa mfua shaba. Karakana yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba: jiko la mkaa, ndoo ya maji, mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, na nyundo za mbao zilizotundikwa ukutani, kubwa kwa ndogo. Msimu huo mama alikuwa na kazi moja tu, nayo ilikuwa taji la majani ya shaba la kuzunguka ncha ya mnara wa kanisa kuu, chini kidogo ya msalaba. Kila jani lilikuwa refu kama mkono wa mtu mzima, limejikunja nchani, na mishipa yake imechongwa kwa patasi butu.

"Shaba hailazimishwi," mama alizoea kusema. "Inabembelezwa."

Na namna ya kuibembeleza Cheche aliijua tangu hajaanza kusoma. Shaba laini ikipigwa juu ya mfuko wa mchanga hutoa mlio mzito: du, du, du. Kadiri inavyopigwa hukakamaa, na mlio hupanda: di, di, ti, ti. Hapo nyundo huwekwa chini. Bamba hurudishwa motoni mpaka liwe jekundu, hutumbukizwa majini, likawa laini upya. Mama alikuwa na usemi wake mfupi: "Ikianza kuimba, ipumzishe."

Siku hiyo mama alimkabidhi Cheche bamba lililokwisha kukatwa.

"Jani la mwisho la taji ni lako," alisema. "Ukilifanya vizuri, nyundo ile ndogo ya babu yako inakuwa yako. Mimi nakwenda kanisani kupima pete ya kushikia majani. Na usikae unasikiliza kelele za nje."

"Sisikilizi, mama."

Lakini masikio hayana pazia. Wenzake walikuwa wakicheza mpira uwanjani nyuma ya ukuta, na kila waliposhangilia, miguu ya Cheche ilimwasha. Alipiga, akapumzisha shaba, akapiga tena. Jani likaanza kujikunja vizuri. Ikabaki shingo tu, pale jani linapokwenda kushikizwa kwenye pete. Ti, ti, ti, shaba ikaimba.

Cheche alitazama jiko. Mkaa ulikuwa umefifia. Kuuamsha kungehitaji mivukuto, na mivukuto ingehitaji subira.

"Mapigo machache tu," alijiambia. "Haliwezi kukasirika kwa mapigo machache."

Ti, ti, ti. Tak.

Ulikuwa ufa mwembamba kama unywele, umekata shingo ya jani nusu nzima. Cheche aliusugua kwa kidole, kana kwamba ungefutika. Kisha akaangalia mlango. Kwenye rafu palikuwa na nta ambayo mama huipaka kazi iliyokamilika ili ing'ae. Akaipasha moto, akaichanganya na vumbi la shaba, akaishindilia ndani ya ufa na kuisugua kwa kitambaa. Ufa ukapotea.

Mama aliporudi alilinyanyua jani, akaligeuza huku na huku.

"Uliipumzisha ilipoimba?"

"Ndiyo, mama."

Kwa kawaida mama aligonga kila jani kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Safari hii aliliweka tu juu ya mengine yaliyokuwa yakisubiri kubebwa. "Basi sina haja ya kuligonga," alisema. Akaishusha ile nyundo ndogo ukutani, akampa.

Cheche alikuwa ameitamani nyundo hiyo tangu alipokuwa akiifikia kwa kupanda kigoda. Sasa ilikuwa mkononi mwake, na hakujua aishike vipi. Hakwenda mpirani.

Asubuhi alikwenda nayo shuleni ndani ya mkoba. Kengele ya shule ilikuwa rimu kuukuu la gari lenye ufa, na mlinzi alipoligonga lilitoa mlio wa kikohozi: kwa, kwa, kwa. Siku zote Cheche alilicheka. Leo aliziba masikio.

"Una siafu kwenye sketi?" aliuliza jirani yake wa dawati, mvulana waliyemwita Redio kwa kuwa hakuna aliyejua pa kumzimia. "Unaitikisa meza mpaka naandika kama kuku."

"Niache."

"Ningekuwa mimi, ningetembea kifua mbele. Jani lako linapanda mnarani leo! Bibi yangu kasema hatatoka pale mlangoni anapouzia mishumaa mpaka alione. Kahamisha hadi kigoda chake, kakaa chini ya mnara kabisa, eti macho yake hayaoni mbali."

"Chini ya mnara wapi?"

"Chini. Ukidondosha kitu kutoka juu, kinamkuta yeye."

Redio aliendelea kusimulia, lakini Cheche hakusikia tena. Alikuwa akiona upepo ukilitikisa jani, kidogo kidogo, na shingo yake ikiachia. Mwalimu alimuuliza swali, akajibu jibu la somo jingine. Darasa likacheka. Kengele ya mwisho ilipokohoa, Cheche alikuwa mlangoni kabla mwalimu hajafunga kitabu.

Alikimbia bila kusalimia mtu. Aliteremka barabara ya maduka, akakata uchochoro wa mafundi baiskeli, akaruka mtaro. Nyundo ilimgonga mgongoni kila hatua, kama mtu anayemhimiza.

Uwanja wa kanisa kuu ulikuwa na watu wengi wametazama juu. Mjomba wake, kaka wa mama, alikuwa kwenye jukwaa la mbao lililozunguka ncha ya mnara, amejifunga kamba kiunoni. Majani yote mengine yalikuwa yamekwisha kushikizwa, yakimetameta. Moja tu lilikuwa likipanda polepole kwa kamba na kapi, na aliyeivuta kamba hiyo alikuwa mama.

"Mama!" Cheche aliita. "Langu lisipande."

Mama hakuiachia kamba. "Kwa nini?"

Watu waligeuka. Bibi yake Redio naye aligeuka juu ya kigoda chake. Cheche aliona afadhali angekuwa yeye ndiye anayening'inia kwenye ile kamba.

"Lina ufa. Shingoni. Liliimba na sikulipumzisha, halafu nikakudanganya."

Fundi mmoja wa kuchanganya saruji akacheka. Mama alimtazama mara moja tu, kicheko kikaisha. Kisha akaanza kuilegeza kamba.

"Dada, vipi?" Mjomba aliuliza kutoka juu. "Nimeshakunjua mkono kulipokea!"

"Ukunje tena," mama alijibu. "Linashuka."

Jani lilipofika chini, mama aliligonga kwa kifundo cha kidole. Kwa. Mlio ule ule wa kengele ya shule. Akakwangua shingo kwa ukucha, na nta ikatoka, nyororo kwa joto la jua. Ufa ukaonekana.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Hakuna," Cheche alinong'ona. "Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta?"

Mdomo wa mama ulitetemeka kidogo, kama wa mtu anayezuia cheko wakati amekasirika. "Hukuziba, mwanangu," alisema. "Ulifunika."

Cheche aliitoa nyundo mkobani, akamrudishia kabla hajaambiwa. Mama aliitia kwenye mfuko wa aproni. Wakarudi nyumbani bega kwa bega, jani limebebwa katikati yao.

Taji likabaki na pengo, na mji mzima ukaliona. "Mnara umeng'oka jino," Redio alisema darasani, kisha akaona uso wa Cheche, akajizima mwenyewe kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Cheche alianza jani jipya kwa nyundo ya kuazima. Kila ilipoimba, aliweka nyundo chini na kwenda kwenye mivukuto. Kungoja mkaa uwe mwekundu kulimtesa. Alisimama kwa mguu mmoja, akahamia wa pili, akauma kola ya shati.

"Siwezi kutulia, mama."

"Nani kakwambia utulie? Miguu icheze inavyotaka. Mkono ndio ungoje."

Jani lilipokwisha, walilipeleka kanisani. Chini ya mnara, mama alimpa Cheche aligonge mwenyewe. Tiii, likalia, mlio mwembamba na mrefu.

Cheche alishtuka. "Linaimba. Nilipumzishe?"

"Hapana. Sasa umbo lake limekamilika, ugumu huo ndio utakaolishikilia kwenye upepo. Liache liimbe." Mama alifunga jani kwenye kamba, kisha akamgeukia. "Sikiliza, mwanangu. Shaba ikipasuka nikiigonga nitajua. Mtu siwezi kumgonga kwa kidole nikajua ana ufa gani. Ni mpaka aseme. Haraka yako ilipasua jani, na jani hutengenezwa jingine. Lakini ungenyamaza, ningekaa nakuamini bila kujua kwamba imani yangu nayo imepasuka. Ulisema mbele ya watu wote, na ukaona haya. Hapo ndipo ulipouziba ule ufa."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa nyundo ndogo ya babu, akaiweka kiganjani mwa Cheche. Safari hii kiganja kilijua namna ya kuishika.

"Nyinyi huko chini," Mjomba aliita, "mnanipa jani au nishuke nikalale?"

Mama alimsogezea Cheche ncha ya kamba. Cheche akaivuta taratibu, mkono kwa mkono, huku miguu yake ikichezacheza vumbini.