Moshi Upande wa Kuume

Ijumaa, tarehe 14 Machi 2008. Mvua ndogo ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa moja, na Ziwa Albert likabaki kimya, la kijivu, bila upepo hata wa kutikisa nguo zilizoanikwa ufukweni Tchomia.

"Maji inanyamaza mubaya," alisema Kamate, mwenye mtumbwi wa motere, injini ya nyuma.

"Ni Mungu anainyamazisha," akajibu Papa Xavier, kiongozi wa kikundi cha maombi kutoka Bunia. Wakapanda: Papa Xavier, Mama Léonie, Rébecca, na Kamate nyuma kwenye motere. Walialikwa kwenda kuomba Mahagi-Port. Vita ya makabila ilisemwa imekwisha, lakini barabarani watu bado waliulizwa jina la ukoo kabla ya kupita, kwa hiyo waliona heri ziwa.

Saa nne upepo ulishuka kutoka milimani kwa kishindo. Mawimbi yakainua mtumbwi, yakautupa, yakauinua tena. Motere ikaruka nje ya maji huku ingali inazunguka. Kamate akaikumbatia ili isiende, mapanga ya motere yakampasua shavu la mguu, kisha wimbi likaing'oa na kuzama nayo. Mvua ikawapiga machoni. Rébecca na Papa Xavier wakachota maji kwa beseni na kwa sufuria ya chakula. Mama Léonie akachana kitenge chake, akaufunga mguu juu ya goti.

"Kaza," alisema Kamate.

"Nimekaza."

"Kaza tena, mama. Haiko muguu ya jirani."

Dhoruba ilipopita, ukungu mweupe ulikuwa umeketi juu ya maji pande zote. Milima ya Kongo haikuonekana, wala ya Uganda. Jua halikuonekana. Walikuwa na kafi moja, na mtu anayevuja damu.

Papa Xavier akageuka. Mama Léonie alijua atamgeukia nani.

"Mama Rébecca, weye unaonyeshwa nini?"

Kwa miaka kumi na tano Mama Léonie alifunga kula kila Ijumaa. Alipiga magoti mpaka yakaota sugu. Hakuonyeshwa kitu hata siku moja, wala ndoto. Rébecca aliingia kikundini mwaka juzi tu, na wiki ya tatu akasimama, akasema, "Nimeonyeshwa," na watu wakanyamaza kama darasa mwalimu anapoingia. Tangu hapo mwenye mgonjwa anamwita Rébecca. Mwenye safari anamwita Rébecca. Hata Chance, binti wa Léonie mwenyewe, alipochumbiwa alikwenda kuombewa kwa Rébecca, akamwambia mama yake baadaye, kama habari ya sokoni. Siku ile Mama Léonie alitabasamu. Usiku alilia, akamuuliza Mungu kwa nini anapita mlango wake kila siku akielekea kwa jirani.

Rébecca alifumba macho.

"Moshi," alisema. "Nimeonyeshwa moshi, upande wa kuume."

Wakatazama. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha, mbali, ndani ya ule weupe, kitu cheusi kikasimama kama nguzo. Papa Xavier akavua kofia. Akashika kafi.

"Ile haiko moshi," alisema Mama Léonie.

Wote wakamgeukia yeye sasa. Alihisi utamu wa kutazamwa.

"Ni wadudu. Wale wadogo wa ziwa, wanatoka ndani ya maji, wanapanda juu kama wingu. Mutu asiyewazoea anasema moshi. Mimi nilizaliwa Tchomia, nilikausha samaki na mama yangu. Tukiwafuata tutafika katikati ya ziwa."

"Yaya Léonie, uko na hakika?" aliuliza Rébecca taratibu, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa.

Hakuwa nayo. Aliondoka Tchomia akiwa na miaka tisa. Macho yalimwasha kwa maji na upepo, na ile nguzo ingeweza kuwa chochote. Kitu kimoja tu alikijua: hakutaka iwe moshi.

"Hakika kabisa," alisema. "Kwa jina la mama yangu aliyelala udongoni."

Kiapo ni kiapo. Papa Xavier akageuza mtumbwi upande wa kushoto.

Walipiga kafi kwa zamu, saa nzima na zaidi. Kamate alikuwa ameanza kuomba ndizi kwa mtu ambaye hakuwemo. Kitenge kililoa damu. Mama Léonie akawa anachota maji yaliyoingia chini. Yalikuwa mekundu, na kila beseni alilomwaga lilionekana jekundu kuliko lililopita.

Ndipo alipoinua macho. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo nyuma yao. Ile nguzo ilikuwa palepale. Upepo ulikuwa umeilaza, lakini chini haikuhama. Wingu la wadudu likipigwa na upepo hutawanyika. Kitu hiki kilikuwa na mguu, na mguu ulisimama juu ya nchi.

Wenzake walitazama mbele. Yeye peke yake aliona. Angeweza kusema mkondo unawapeleka vibaya, warudi, na jambo likaishia hapo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Tena aliyapenda. Lakini wakirudi, kwa vyovyote wangefika, na watu wa nchi kavu wangesikia habari ya maono ya Rébecca, nayo ingefika Bunia kabla yao, mpaka nyumbani kwa Chance. Akamtazama Kamate. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Papa Xavier, geuza."

"Kuna nini?"

"Ni moshi. Tangu mwanzo ni moshi." Akaweka beseni chini. "Niliapa, na sikujua. Nilitaka tu isikuwe Rébecca."

Kafi likasimama hewani. Maji yalidondoka kutoka ncha yake.

"Yaya," alisema Rébecca. Alikuwa anatazama mikono yake. "Na mimi sikuonyeshwa. Nilisikia harufu ya samaki ya moshi. Kidogo tu, ikapita."

"Sasa kwa nini ulifumba macho?" aliuliza Papa Xavier.

"Ningesema pua yangu imesikia, mungenifuata?"

Kamate, aliyelala ndani ya mtumbwi, akasema, kwa sauti nyembamba lakini yenye akili zake zote, "Na pua, aliumba nani? Mupige kafi, watu ya Mungu. Mutaungama tukifika."

Papa Xavier alipiga kafi. Mama Léonie alipiga kwa beseni upande mmoja, Rébecca kwa sufuria upande wa pili, mabega yao yakigongana. Wakauendea moshi hadi wakaona majani, mitumbwi iliyopinduliwa, na wanawake watatu wakigeuza samaki juu ya waya. Mmoja wao alisimama, akauliza jina la ukoo wao kabla ya kuuliza wamepatwa na nini. Kisha akaona damu, naye akaingia majini na nguo zake kuwavuta.

Muuguzi wa kituo cha afya cha hapo ufukweni aliufungua mguu, akaunusa, akaufunga upya. "Ataishi. Muguu sijui. Mungefika mapema kwa saa moja, ningesema ndiyo."

Papa Xavier aliwasimulia wale wanawake waliowasindikiza, bila kuficha kitu, na bado mmoja alimshika Rébecca mkono, akamwomba amwombee mtoto. Mama Léonie akahisi wivu ukimpanda tena, uleule. Hakujifanya haupo. Akapiga magoti kando ya mkeka wa Kamate, mbele yao wote, muuguzi akiwa bado na mkasi mkononi.

"Musikie nyote," alisema. "Ile saa moja ni mimi niliikula. Wivu bado iko ndani yangu, sitawadanganya. Lakini kuanzia leo, kama sijui, nitasema sijui, hata mbele ya Rébecca, hata mbele ya mutoto wangu. Na weye Kamate, mpaka utembee, kwa muguu yako ama kwa muguu ya mti, mimi ndiye nitakuchotea maji."